Mama Kinu na Ushuhuda wa Mumewe

Kabla Mama Kinu hajakuuzia kitu, atakuuliza maswali. Unaumwa wapi, imeanza lini, umekula nini, una mimba au unanyonyesha, una vidonda vya tumbo? Wateja wenye haraka humkasirikia. Kijana mmoja, miwani ya jua usoni na funguo za pikipiki kidoleni, aliwahi kumwambia, "Mama, mimi nimekuja kununua tangawizi, sikuja kuposa."

Mama Kinu hakuinua hata macho. "Hata ungekuja kuposa ningekuuliza kama una vidonda vya tumbo."

Kijana akajibu maswali yote, ndipo akapewa tangawizi yake.

Meza ya Mama Kinu iko kwenye kibaraza kirefu cha saruji, mbele ya safu ya maduka. Anaanza muuza misumari na rangi, anafuata kinyozi, anafuata yeye, na mwisho kabisa, penye mwanga mzuri, yuko mumewe na cherehani yake. Jina la Kinu alipewa na watu wa hapohapo kwa sababu tangu asubuhi mchi wake hautulii. Mashine ya kusaga ipo mtaa wa pili, lakini haitaki. Anasema mashine huupasha unga moto, na unga ukishapata moto harufu yote hubaki mashineni. Unachorudi nacho nyumbani ni vumbi lenye rangi.

Kazi yake ni safi, na usafi wa kazi ni jambo ambalo siku hizi limekuwa adimu kiasi cha kustahili kuandikwa. Majani ya mlonge huyakausha ndani ya nyumba, chumba cha nyuma, juu ya wavu wa dirisha uliolazwa kwenye viti viwili, madirisha wazi, mpaka yavunjike kwa kuguswa lakini yawe bado kijani. Wenzake huyaanika juani kando ya barabara, yakageuka rangi ya majani ya godoro kuukuu, na bado huyauza. Tangawizi huisugua kwa brashi ya nguo. "Brashi mpya," huwaambia wateja, "msije mkafikiri ni ile ya viatu vya Fundi wangu." Asali huinunua kwa mrina asali mmoja tu, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka hampi hata tone, mama yake alie au asilie.

Na alikuwa na mpaka. Kikohozi cha mafua, tumbo lililojaa gesi, koo linalowasha, kichefuchefu cha asubuhi, hayo aliyapokea. Ukimletea mtoto anayehema mpaka mbavu zinaingia ndani, anakufukuza kwa ukali. "Mimi nauza vya jikoni! Nenda zahanati, unasimama hapa unafanya nini?" Kwenye chupa zake zote hapakuwa na karatasi hata moja iliyoandikwa kwamba kilichomo kinaponya.

Wapo wauzaji wengi ambao kwao kila ugonjwa una dawa, na dawa yenyewe ni ileile ya jana. Mama Kinu hakuwa mmoja wao. Ndiyo maana jambo lililotokea lilimuuma kuliko ambavyo lingewauma wao: uongo ulimea kibarazani kwake, ukastawi, ukamletea wateja, na haukutoka mdomoni mwake.

Ulitoka kwa mumewe.

Watu humwita Mzee Pindo, kwa kuwa suruali aliyoipinda yeye utaitupa kwa uchakavu, pindo likiwa limeshika. Ni mrefu, mwembamba, na ana maneno mengi. Anaweza kukusimulia kisa kizima huku pini zimejipanga mdomoni, asimeze hata moja. Alikwenda zahanati mwaka uliotangulia kwa sababu ya kidole kilichochomwa na sindano ya cherehani, na muuguzi, kabla ya kukiangalia kidole, akampima presha. Ilikuwa juu. Akapewa vidonge, akaambiwa ameze kila siku bila kuruka.

Mama Kinu alifanya la upande wake. Alipunguza chumvi kwenye sufuria, akaongeza kitunguu saumu na mboga za majani, na kila jioni akamtoa Fundi kwenye kiti na kumtembeza hadi daraja la reli na kurudi. Presha ikashuka. Nyumba nzima ikafurahi, na hakuna aliyekaa chini kuuliza ni kipi kilichoishusha.

Kisha ikaja siku ya kicheko. Mzee Pindo alikuwa ameweka kidonge ulimini, anatafuta maji, ndipo mwanamke mmoja aliyekuja kununua mdalasini akamwona. Mwanamke huyo ana sauti ya kusikika hadi kwa muuza rangi.

"Makubwa haya! Mke anatwanga, mume anameza za hospitali! Huyu si mpishi anayekwenda kula kwa jirani?"

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Mama Kinu naye alicheka, akamjibu palepale, "Na mpishi akivunjika mguu, ulitaka afungwe mchicha?" Wakacheka zaidi, na kwa upande wake yakaishia hapo.

Kwa Mzee Pindo hayakuishia hapo. Alimeza kidonge chake kimyakimya, akainama juu ya cherehani, na tangu siku ile hakuna aliyemwona tena akimeza dawa mbele za watu. Baada ya muda mfupi akaanza ushuhuda.

Ilikuwa hivi: mteja akisitasita mbele ya meza ya mkewe, anashika kopo la kitunguu saumu na asali, analirudisha, analishika tena, sauti inatoka upande wa cherehani. "Chukua, usiogope. Nitazame mimi. Presha ilikuwa inagonga dari! Leo niko kama kijana. Siri ni hiyo uliyoshika mkononi."

"Kweli, Mzee?"

"Mimi ndiye mume. Ningekuwa nimekufa, si ungemkuta mjane?"

Watu walicheka, wakanunua. Mama Kinu alikuwa akimwambia, "Fundi, punguza chumvi na kwenye maneno," naye anacheka. Aliamini mumewe anameza vidonge vyake kila siku, kwa hiyo aliyachukulia maneno yale kama mbwembwe za mume anayempenda mkewe. Sifa ni tamu, hata kwa mtu mnyoofu. Nadhani hapo ndipo alipoteleza kidogo: alisikia jambo lisilo kweli likisemwa kwa faida yake, na kwa kuwa lilisemwa kwa mapenzi, akaliacha lipite.

Kabla ya msimu wa mvua kwisha, Mzee Pindo alianza kulalamika kisogo kinamgonga. Akasema ni mto wa kulalia, ukabadilishwa. Uzi ukawa hauingii kwenye tundu la sindano. Akasema viwanda vya siku hizi vinatengeneza sindano mbovu. Koo likimkauka alikuwa akichovya limau kwenye chumvi na kulilamba mchana kutwa, kama mkewe anavyowafundisha wenye koo linalowasha. Halafu mwalimu wa shule ya jirani akaja kuchukua suruali yake, akaivaa nyuma ya pazia la kinyozi, akatoka anachechemea kwa makusudi.

"Mzee Pindo, hebu niambie ukweli. Mguu wangu mmoja umekua tangu wiki iliyopita?"

Watu walicheka, lakini Mama Kinu hakucheka. Mumewe hakuwahi kukosea kipimo cha mguu.

"Baba watoto, vidonge unameza?"

"Nimemeza asubuhi."

"Nikuangalie?"

"Karatasi yake ile pale, tupu. Unataka nifungue tumbo?"

Karatasi ilikuwa tupu kweli. Akaamini, lakini moyo haukutulia.

Aliyelifichua jambo hilo ni wifi yake, yaani mdogo wake Mzee Pindo, mwanamke anayefanya usafi kwenye ofisi za jirani. Alipita saa ya mapumziko, blauzi yake ya kazi imekatika kifungo kifuani, ameishika kwa mkono.

"Kaka, niokoe, bosi asije akaona ya kuona."

"Kopo hilo hapo, chagua mwenyewe," alisema Mzee Pindo huku anapima kola ya mtu.

Fundi cherehani hatupi kitu. Vipande vya vitambaa, nyuzi za shibiri moja, zipu zilizokatika meno, vyote hufungiwa mahali. Kopo lake la vifungo lilikuwa la maziwa ya unga, kubwa, na wifi akalimwaga lote juu ya meza ya kukatia. Akaanza kuchambua vyeupe.

"Kaka, hivi ni vifungo gani visivyo na matundu?"

"Vya koti," Mzee Pindo alisema kwa haraka, pini zikiwa mdomoni.

"Koti la nani? Vinashonwaje sasa, vinabandikwa kwa mate?" Akakichukua kimoja, akakigusa kwa ulimi, akatema. "Vichungu! Wifi! Hebu njoo uone vifungo vya mumeo!"

Mchi ukasimama.

Mama Kinu alifuta mikono kwenye aproni, akaja, akatazama. Vidonge vilikuwa vimetapakaa katikati ya vifungo, vingi, vingine vimeanza kumeng'enyuka. Alivijua. Alivikusanya kimoja kimoja mpaka kiganja kikajaa. Mwenye kola akaona mambo yamekuwa ya kifamilia, akaaga.

"Tangu lini?"

Mzee Pindo alitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye mkono wa shati lake, moja moja, ili apate muda. "Tangu yule mwanamke wa maneno ya mpishi."

"Kwa nini?"

"Walikucheka."

"Walinicheka, nikacheka nao. Wewe ndiye uliyeumia?"

"Nilikuwa nalinda jina lako. Watu waseme nini? Mume wa Mama Kinu mwenyewe hawezi kuishi bila hospitali?"

"Na hizi ulizihifadhi za nini?"

Mzee Pindo akatazama kopo. "Dawa nzima, nzuri... ningetupaje?"

Wifi alishindwa kujizuia. "Ee Mungu wangu, hata kujiua anajiua kwa kubana matumizi!" Halafu akaona uso wa kaka yake, akamshika bega.

"Simama," alisema Mama Kinu. "Tunakwenda sasa hivi."

"Kuna suruali ya mwalimu."

"Mwalimu atavaa kaptula."

Walifunga vyote viwili, meza na cherehani, mchana kweupe, jambo ambalo kibaraza hakikuwahi kuliona. Zahanatini muuguzi aliyewapokea alikuwa yuleyule wa mwaka uliotangulia, binti mwenye umri wa mtoto wao wa pili. Alimwamkia, akamfunga kitambaa cha kupimia mkononi, akabonyeza, akatazama. Akakifungua, akamwambia apumzike kidogo, akakifunga tena.

"Mzee wangu," alisema hatimaye, "hapa hatuko mahali pa mchezo."

Alimlaza kitandani, akamwita daktari, daktari akammulika macho kwa kurunzi ndogo, akatoa maagizo. Mzee Pindo, ambaye hajawahi kukosa neno, aliuliza swali moja tu. "Nitaweza kutunga uzi tena?"

"Tukiishusha mapema, natumaini hivyo," daktari alijibu. "Lakini kuishusha si kazi yangu peke yangu."

Muuguzi alivuta kiti, akaanza kuuliza. Unatumia nini kingine? Majani gani, unga gani, mara ngapi, na chumvi je? Mama Kinu alijibu yeye, hakuficha kitu, hata limau la kuchovya kwenye chumvi. Alikuwa akisikiliza maswali yale kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe kwenye simu. Ndivyo anavyouliza yeye kila siku. Ila lilikuwapo moja ambalo kwa miaka yote mezani pake hakuwahi kumuuliza mtu: unameza dawa gani ya hospitali?

"Kitunguu saumu kwenye chakula sina ugomvi nacho, Mama," muuguzi alisema. "Mboga, matembezi, endeleeni, vinamsaidia sana. Unga wa kila siku, na hizi dawa za lishe zinazouzwa kwenye makopo, mtuambie kwanza, vingine vinagombana na vidonge. Limau si neno. Chumvi ya kulamba iishe leo."

"Na mimi ndiye niliyemfundisha," alisema Mama Kinu.

"Ulimfundisha koo. Presha hukuulizwa." Kisha akamgeukia mgonjwa. "Na wewe Mzee, vidonge hivi haviing'oi presha kama jino. Vinaishika. Ukiviacha, vinaiachia."

Walikaa pale hadi jua likaanza kulegea na kipimo kikaanza kushuka. Njiani kurudi, walipofika mahali pa kuvuka barabara, Mama Kinu alimgeukia mumewe.

"Ushuhuda wako uliwapa watu wangapi?"

"Siwezi kujua. Wengi."

"Wenye presha?"

Mzee Pindo alisimama. "Dereva."

Dereva wa lori walimjua wote, mtu mnene, mchangamfu, anayepita kununua tangawizi na asali kila akirudi safari. Anaendesha lori refu la saruji, mbali, siku nyingi barabarani.

"Alikwambia nini?"

"Alisema... alisema kama mimi nimepona, na yeye anaviacha vyake."

"Ukamwambia nini?"

Mzee Pindo akatoa simu mfukoni. Jibu lilikuwa limeshajulikana.

Walimpigia simu palepale. Haikupatikana. Wakapiga tena walipofika nyumbani, na asubuhi, na mchana. Haikupatikana. Mama Kinu alianza kuliona lori lile kila anapofumba macho: mzigo wa saruji, mteremko, na mtu kwenye usukani ambaye kisogo kinamgonga.

Asubuhi iliyofuata alimwambia mumewe, "Ulichokisema ukiwa umekaa kwenye kiti hicho, utakifuta ukiwa umekaa kwenye kiti hicho."

"Mama, watanicheka mpaka basi. Na biashara yako je? Utaiua kwa mkono wako."

"Wakucheke. Ulikimbia kicheko kimoja, ona kilikufikisha wapi. Na biashara inayosimama juu ya mgongo wa mgonjwa mimi siitaki, hata ikinilisha."

Sitaki kumpamba Mzee Pindo. Siku ya kwanza alinong'ona. Mteja alikuja, akashika kopo, na Mzee Pindo akasema kitu ambacho hata kola mkononi mwake haikukisikia. Mama Kinu akaweka mchi chini. "Fundi. Ulipokuwa unanisifu sauti ilikuwa inafika kwa muuza rangi."

Basi akasema kwa sauti. Akasema alikuwa anameza vidonge vya hospitali presha iliposhuka, kwamba aliviacha akavificha, kwamba nusura apofuke, na kwamba kitunguu saumu ni chakula kizuri lakini mwenye dawa zake za kila siku asiziache kwa sababu ya domo la fundi cherehani. Kinyozi alizima mashine ili asikie vizuri. Baadhi ya watu walicheka. Mwanamke wa mpishi alikuwapo, na yeye, tofauti na tulivyotarajia, hakucheka; alisema tu, "Kumbe nilikuchoma hivyo, Mzee wangu? Nisamehe, mdomo wangu huu." Mama mmoja alirudisha kopo lake. "Kama haliponyi, la nini?" Mama Kinu alilipokea, akamrudishia pesa yake, akamuuliza kama ana dawa yoyote anayomeza. Yule mama alikuwa ameshashika njia.

Wateja walipungua. Kuna asubuhi unga ulikaa mezani hadi adhuhuri bila kuguswa, na wifi alipopita akasema, "Wifi, ukweli wako hauna haraka ya kulipa." Mama Kinu akamwambia ashike mchi badala ya kushika kiuno. Lakini waliobaki walianza kufanya jambo jipya: walikuja na dawa zao kwenye mifuko, wakazionyesha. Kama hazijui, na nyingi hakuzijua, aliwaambia waende wakamuulize muuguzi kwanza, kisha warudi. Wengi walirudi.

Siku zote hizo Mzee Pindo alikuwa akimeza kidonge chake asubuhi, mbele ya kibaraza kizima, kwa bilauri kubwa ya maji, na macho yake yalikuwa barabarani.

Lori lilitokea mchana mmoja wa jua kali. Kabla halijasimama vizuri Mzee Pindo alikuwa ameshavuka barabara, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, anagonga mlango kwa kiganja.

"Shuka! Shuka kijana wangu!"

Dereva alifungua mlango, uso umevimba, macho mekundu. "Shikamoo, Mzee Pindo. Kuna moto?"

"Vidonge vyako uliviacha?"

"Si ulisema mwenyewe? Mimi niko kama wewe sasa. Kitunguu tu."

"Nilikudanganya."

Dereva alidhani ni utani, akaanza kucheka, kisha akaona fundi hacheki. Mzee Pindo akamweleza yote pale pale, kando ya gurudumu lililokuwa bado linatoa joto, bila kuruka kitu, hata kopo la vifungo. Dereva alisikiliza huku anajifuta shingo kwa kitambaa.

"Mzee, mimi nilikuamini kama baba yangu."

"Najua."

"Nimekuwa naona nyota mchana! Kwenye mteremko! Nikasema ni usingizi. Simu yenyewe imezama mtoni nikiosha lori, mikono inatetemeka, nikasema ni njaa!" Alipiga teke gurudumu. Alikuwa na haki ya kukasirika, na Mzee Pindo alisimama pale akaipokea hasira yote, hakujitetea. Mama Kinu naye alikuwa amefika. Dereva alipomwona akapunguza sauti. "Mama, na wewe ulijua?"

"Sikujua. Na sikuuliza. Nilikuwa nakuuliza habari za tumbo tu. Twende ukapimwe, utanigombeza njiani."

Kwenye benchi la zahanati walikaa wote watatu, Mama Kinu katikati. Kufika zamu yao, watu wazima wale wawili walikuwa wameshaanza kubishana kama watoto wa darasa la kwanza.

"Yangu itakuwa chini ya yako," alisema Mzee Pindo.

"Wewe umeanza kumeza mapema, hizo ni mbio za kuibiana."

"Nani aliyekukataza kumeza?"

"Wewe!"

Muuguzi akaita jina, Mzee Pindo akainuka upesi kuliko kawaida yake.

Alipimwa yeye kwanza. Muuguzi alitazama kipimo, akatazama kadi yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Ilikuwa imeshuka vizuri. Akamwonyesha maandishi madogo ukutani, Mzee Pindo akayasoma yote, hata mstari wa chini. Mama Kinu alitoka nje kidogo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni ile dawa ya kupigia deki.

Ya Dereva ilikuwa juu. Haikufika kule ilikokuwa imefika ya Mzee Pindo, lakini ilimtosha muuguzi kumrudishia vidonge vyake na kumwambia hataendesha mpaka aseme yeye.

"Dada, lori liko barabarani na saruji inangojwa!"

"Saruji haifi."

Ilibidi apigiwe mwenye lori. Dereva aliazima simu ya Mama Kinu, akajieleza, na sauti ya bosi ikatoka humo kwa nguvu hivi kwamba wagonjwa wa benchi la pili waligeuka. Mvivu, mzembe, ameanza visingizio, kazi hana. Dereva aliisogeza simu mbali na sikio, jasho linamtoka. Mzee Pindo akanyoosha mkono, akaichukua.

"Habari yako, ndugu. Mimi ni fundi cherehani... Hapana, sina undugu naye. Mimi ndiye niliyemwambia aache dawa za presha. Nilimdanganya kwa ujinga wangu, akaniamini. Kama kuna wa kutukanwa, ni mimi, endelea, nakusikia. Lakini huyu ukimrudisha kwenye usukani leo, utapoteza lori na mtu. Kazi yake usimnyime kwa kosa langu."

Alisubiri matusi. Sauti ilipotoka tena ilikuwa ya chini, na Mzee Pindo ilibidi aikandamize simu sikioni ili aisikie. Alisikiliza, akasema "ndiyo," akasema "atapumzika, nashukuru," halafu akasikiliza kwa muda mrefu zaidi.

"Anasemaje?" Dereva alinong'ona.

Mzee Pindo aliziba simu kwa kiganja. "Kazi yako iko palepale, atatuma mtu alichukue lori. Anasema na yeye ana presha. Ana vidonge kabatini, aliviacha siku nyingi. Anauliza avianze tena vilevile, na vinamezwa kabla ya kula au baada."

Alikuwa ameshavuta pumzi ya kujibu. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Mama Kinu alimtazama. Mzee Pindo akaufunga mdomo, akainuka, akaenda hadi mlangoni kwa muuguzi.

"Subiri hapo hapo, ndugu," aliiambia simu. "Nakupa mwenye kujua."